Shabana ingekuwa ya ngapi Marekani?

KUTOKA NYANCHWA
Na Bosibori Onchiri

Ukifika Daraja Mbili siku ya soko, saa ile belo za mitumba zinapofunguliwa, utakuta ligi nzima ya kandanda ya Marekani imeanikwa kwenye kamba. Cowboys wa Dallas wamebanana na Raiders, Vikings na Packers. Mnunuzi hana habari nao. Anavuta mshono kuona kama utahimili jembe, anauliza bei, anaondoka na bingwa wa dunia chini ya kwapa.

Baadhi ya fulana za aina hiyo zimechapwa uongo mtupu. Kabla ya fainali yao, ile Super Bowl, huchapwa nguo za ubingwa za timu zote mbili ili mshindi avae papo hapo. Za aliyeshindwa haziuzwi Marekani. Kwa miaka mingi zilikabidhiwa shirika la World Vision, baadaye Good360, zikapelekewa maskini wa nchi za mbali. Kwa mujibu wa nguo hizo, Chicago Bears ndio mabingwa wa 2007. Hiyo sijaiona Daraja Mbili, lakini naitafuta.

Mjadala wa timu hizi umetufikia kwa njia nyingine pia. Watu wetu wamejaa Minnesota, hasa Brooklyn Park na Brooklyn Center, kando ya Minneapolis. Disemba wakirudi nyumbani wanakuja na kofia za Vikings, na kabla chai haijapoa ubishi umeanza: timu ipi bora? Wao hupanga kwa vikombe. Kwa kipimo hicho Vikings wenyewe wana taabu, maana wamefika Super Bowl mara nne na kushindwa zote nne.

Mimi nina orodha yangu, na swali langu ni moja tu. Mwenye pesa akiamka kesho akaondoka, nini kitabaki?

Kwa asiyeufuata mchezo huo: ligi yao, NFL, ina timu 32. Mpira hubebwa mikononi zaidi kuliko kupigwa teke, na wachezaji huvaa kofia ngumu kama waendesha bodaboda wanaotii sheria. Hakuna timu inayoshuka daraja. Inayoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, na pesa za televisheni za kitaifa hugawanywa sawa kwa sawa. Nchi tunayoambiwa ndiyo ngome ya ubepari imeamua kwamba katika mpira maskini na tajiri watakula sahani moja. Hilo litatufaa baadaye.

Timu mbili kati ya zile za kale zilizaliwa kwenye ubavu wa kampuni, sawasawa na zetu. Chicago Bears ilianza katika mji wa Decatur ikiwa timu ya kiwanda cha wanga cha Staley. Green Bay Packers ilianza 1919 baada ya kijana Curly Lambeau kumwomba mwajiri wake, kampuni ya kupakia nyama, pesa za kununulia sare. Kampuni ile ilitoweka zamani. Jina limebaki kifuani.

Sasa njoo Kisii. Mwaka 1980 timu ilipewa jina la duka la vifaa vya ujenzi, Shabana Hardware. Misumari, mabati na saruji vikazaa Shabana, hao Glamour Boys. Mike Okoth, baba yake Divock Origi aliyekuja kufungia Liverpool katika fainali ya Ulaya ya 2019, alipitia hapa kabla ya Kenya Breweries na Ubelgiji. Henry Nyandoro, mchezaji wetu mwingine, huyo sihitaji kumweleza mtu wa hapa. Timu ikashuka daraja 2006, na kwa kawaida ya Kenya hapo ndipo hadithi ingeisha.

Maana tunajua jinsi zinavyoisha. Oserian Fastac ya wakulima wa maua kule Naivasha ilitwaa ligi 2001 na 2002, na leo ukimuuliza kijana atadhani ni aina ya mbolea. SoNy Sugar ya Awendo, majirani zetu, ilikuwa bingwa wa 2006. Mwaka 2019 ilitimuliwa kwenye ligi kuu kwa kukosa kufika mechi tatu. Chemelil ikadhoofika pamoja na kiwanda chake. Mwaka huohuo SportPesa ilipogombana na serikali juu ya kodi na kufunga mfuko, hata Gor Mahia na AFC Leopards, vigogo wenyewe, zilibaki zikihangaika kulipa mishahara.

Shabana haikuisha. Ilikaa miaka 17 katika madaraja ya chini, ikicheza kwenye viwanja ambavyo mwamuzi huanza kwa kufukuza ng'ombe, na 2023 ikarudi ligi kuu. Msimu wa kwanza ulikuwa wa kujinusuru. Uliofuata ikaanza kusumbua wakubwa. Duka halikuwa likilipa, wala hakukuwa na kampuni ya bia, benki au jeshi nyuma yake. Waliokuwepo ni mashabiki, watu wa Tore Bobe, na nauli zao.

Kwa kipimo changu basi, nani wa kwanza? Green Bay, na sidhani kuna wa kunibishia. Ni mji wa watu kama 107,000 hivi, na timu ni mali ya umma. Mwaka 1923, ilipokaribia kufilisika, ziliuzwa hisa 1,000 kwa dola tano tano. Leo wenye hisa wamepita nusu milioni. Hisa hailipi gawio, haiuzwi kwa faida, na hakuna anayeruhusiwa kukusanya hisa nyingi hadi akaimeza timu. Waliweka pia sharti ambalo kwangu ndilo kufuli lenyewe: timu ikiuzwa, pesa haziingii mfukoni mwa mwenye hisa yeyote. Zamani zingeenda kwa chama cha askari wastaafu, sasa ni kwa wakfu wa hisani. Tamaa ya kuuza imekatwa mzizi. Ukitaka tiketi ya msimu unapanga foleni yenye majina zaidi ya 140,000, na wapo wanaoandikisha mtoto akiwa bado mchanga.

NFL yenyewe imepiga marufuku timu nyingine kuiga mfumo huo. Green Bay imeachwa kwa kuwa ilitangulia sheria. Matajiri wanajua ni mfano hatari.

Wa pili ni Cleveland Browns. Nasikia kicheko kutoka Brooklyn Park. Ndiyo, timu ambayo haijawahi kufika Super Bowl, timu iliyopoteza mechi zote 16 za msimu wa 2017. Mwaka 1995 mwenye timu alitangaza anaihamishia Baltimore. Mji ukaenda mahakamani, mashabiki wakapiga kelele, na mwisho mwenye timu akaondoka na wachezaji, lakini jina, rangi na historia vikabaki Cleveland. Mwaka 1999 ikaundwa timu mpya ikavaa vilevile. Baltimore ilikuwa inajua uchungu huo, maana Colts wake walihamishwa Machi 1984 usiku wa manane, malori yakapakia vyombo vyote kuelekea Indianapolis huku mji umelala.

Buffalo Bills nawapenda. Walishindwa Super Bowl nne mfululizo, na baadaye wakakaa misimu 17 bila kufika hata hatua ya mtoano. Siku waliyofuzu, mwisho wa 2017, walisaidiwa na bao la timu nyingine kabisa, Cincinnati, lililorushwa na Andy Dalton. Mashabiki wa Buffalo wakaanza kutuma michango kwa mfuko wa hisani wa Dalton, wengi wakituma dola 17, moja kwa kila mwaka wa kusubiri. Ni tabia ambayo Omogusii ataielewa bila mkalimani.

Lakini Buffalo walisubiri wakiwa ndani ya ligi kuu, wakila mgao wa televisheni kama wenzao. Shabana nayo ilisubiri miaka 17, lakini nje, bila mgao. Kwa hiyo naiweka Shabana mbele ya Buffalo. Ya tatu.

Mkia sina haja ya kuukokota. Rams walitoka Cleveland wakaenda Los Angeles, wakaenda St. Louis, wakarudi Los Angeles. Raiders walihama Oakland, wakarudi, wakahama tena, na tangu 2020 wako Las Vegas. Wana Super Bowl hizo, ndiyo. Kwangu ni wapangaji. Vikings wako katikati, na ndugu zangu wa Minnesota watanisamehe.

Niguse Nyamira kidogo, maana najua barua zitakuja. Kaunti ile haina timu yake ligi kuu, na kila mechi kubwa utaona matatu za kutoka Kebirigo, Nyansiongo na Ekerenyo zikishuka Kisii. Viongozi wetu wanavutana kuhusu Keroka, nani akusanye ushuru upande upi wa barabara, lakini sijawahi kusikia shabiki akiulizwa kaunti kwenye lango la Gusii Stadium. Giants na Jets, timu mbili za New York, huchezea New Jersey, jimbo jingine kabisa, na hakuna anayepoteza usingizi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Jumla ni karibu milioni 1.9. Green Bay ingeingia humo zaidi ya mara 17.

Kwa nini basi Shabana iwe ya tatu? Kwa sababu ya karatasi. Msimamishe shabiki yeyote langoni, aliyejipaka rangi mpaka masikioni, umwombe akuonyeshe hati inayosema sehemu ya timu ni yake. Atakuonyesha tiketi. Anaiita "yetu" kwa roho safi, na roho haisimami mahakamani. Kesho akija tajiri au mheshimiwa akasema ni yake kwa kuwa alilipa mishahara ya miezi sita, tutambishia kwa hati gani?

Na waheshimiwa wanakuja. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, basi la timu hupata wafadhili wengi kuliko abiria. Mmoja huahidi bonasi ya kila bao, mwingine hujaza uwanja tiketi za bure zenye picha yake. Baada ya kura kuhesabiwa, simu hazishikwi. Simlaumu kiongozi anayetoa. Nawalaumu wanaopokea bila kuandikiana.

Mtu ataniambia: Gor na Leopards zina wanachama na chaguzi tangu enzi, na bado zinaomba nauli. Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba uanachama usio na kufuli humwita mwenye mfuko mnene agombee uenyekiti, kisha deni la klabu huwa deni kwake yeye binafsi, na hapo amewashika. Green Bay wanachagua bodi, lakini hakuna mjumbe wa bodi anayeweza kusema anaidai timu, kwa hiyo haondoki. Tena hisa pekee hazikuwaokoa. Mji mdogo kama ule unadumu kwa sababu pesa za televisheni zinagawanywa sawa, na Bunge la Marekani liliruhusu utaratibu huo kwa sheria ya 1961. Sisi tulikuwa na SuperSport. Mwaka 2017 wakubwa wa soka wakazozana kama ligi iwe na timu 16 au 18, SuperSport wakakunja kamera zao, na timu ndogo ndizo zilizoumia kwanza. Kwa hiyo Shabana ikiuza hisa bila ligi kugawana kwa haki, itachelewesha njaa tu. Hilo ni la shirikisho, na shirikisho lina safu yake wiki nyingine.

La hisa, hata hivyo, halituruhusu kujifanya wageni. Mkulima wa majani chai wa Sanganyi, Tombe, Nyamache au Kiamokama anajua hisa ni nini. Kiwanda ni chake, cheti amekifungia sandukuni pamoja na hati ya shamba, na mkutano wa wenye hisa ukiitishwa anavaa koti aende kupiga kelele kuhusu bonasi. Mama anayeweka akiba Sacco anaujua mgawo na anajua kuuliza maswali kwenye mkutano wa mwaka. Elimu hii tunayo kizazi cha tatu sasa. Hatujaipeleka uwanjani tu.

Piga hesabu nami. Shilingi elfu moja kwa hisa. Kaya 20,000 kati ya watu milioni 1.9 ni shilingi milioni 20. Haitoshi kuendesha timu milele, lakini inatosha kumwambia mheshimiwa kwamba basi lake tunashukuru, liandikwe jina la klabu. Wa Minnesota, Atlanta na Dallas walipe kwa dola, na wasipewe kura zaidi ya ile ya muuza ndizi wa Daraja Mbili.

Ombi langu kwa uongozi wa Shabana ni hili. Kabla kampeni hazijapamba moto, wekeni hadharani rasimu ya katiba yenye mambo manne: hisa zisizolipa gawio, kikomo cha hisa kwa mtu mmoja, jina na rangi visivyoweza kuuzwa wala kuhamishwa nje ya Gusii, na pesa za mauzo yoyote ziende kwa shule za soka za vijana wa Kisii na Nyamira. Isomwe Gusii Stadium, isomwe uwanja wa Manga, isomwe redioni kwa Ekegusii. Mkifanya hivyo, Cleveland watashuka hadi nafasi ya tatu katika orodha yangu ya mwakani, na mimi nitakuwa langoni na elfu yangu mkononi.