Muuguzi na Sindano ya Mla Unga

Tangu mwaka 1986, mji wa Bern huko Uswisi ulipofungua nyumba ambamo mla unga huruhusiwa kujidunga mbele ya wauguzi, swali moja limekuwa likiwasumbua watu wa tiba: Je, ni haki kwa aliyeapa kuponya kumtazama mgonjwa akijitia sumu mwilini?

Swali hili si la kupuuzwa, wala wanaoliuliza si watu wasio na huruma. Wanasema kwamba vazi jeupe la muuguzi huupa uovu sura ya heshima. Wanasema pia kwamba unga ule umenunuliwa vichochoroni, wala hakuna ajuaye umechanganywa na nini.

Lakini hebu tuitazame kazi yenyewe. Katika nyumba iliyofunguliwa Vancouver, nchini Kanada, mwezi Septemba 2003, muuguzi hatoi unga wala hamdungi mtu. Hutoa sindano safi na kuangalia. Pumzi ya mgonjwa ikififia, humpa oksijeni na dawa ya naloksoni, ambayo huzima nguvu za heroini kwa dakika chache. Hadi mwaka 2019 watu walikwisha kuingia humo zaidi ya mara milioni 3, na hapana hata mmoja aliyefia ndani. Mwaka 2011 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo waliamua kwamba Serikali haikuwa na haki ya kuinyima nyumba hiyo kinga ya kisheria.

Kwa maoni yetu, anayesimama ufukweni na kamba mkononi siye aliyemsukuma mwenzake baharini. Kosa lingekuwa kuiacha kamba nyumbani.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 na 2012 ulionyesha kwamba zaidi ya watu 10 katika kila 100 wanaojidunga walikuwa na virusi vya UKIMWI, hali miongoni mwa wananchi kwa jumla hawakufikia hata mmoja katika mia. Na tangu mwaka 2015, katika Hospitali ya Kidongo Chekundu, wagonjwa wamekuwa wakinywa methadoni mbele ya macho ya wahudumu. Methadoni nayo ni ya jamii moja na heroini. Hata hivyo, ni nani atakayemwita mhudumu wa pale mshirika wa wauza unga?

Hatusemi kwamba Serikali ifungue kesho nyumba kama ya Vancouver. Tunachosema ni kwamba msingi wa maadili ni ule ule, na unadai mambo matatu. Kwanza, mhudumu anayewahudumia watu hawa alindwe na sheria, asiachiwe huruma ya askari wa zamu. Pili, ambaye dhamiri yake inamkataza asilazimishwe kuifanya kazi hiyo kila siku; lakini asipewe ruhusa ya kumpa kisogo mtu anayekata roho. Tatu, naloksoni isikosekane katika vituo vya afya, na mlango wa matibabu uwe wazi kwa kila anayetaka kuacha.

Wauza unga wabanwe bila ya huruma. Ama mgonjwa, huyo ni mtoto wa jirani, na maiti hatubu wala haponi. Viongozi wetu wa afya na wa sheria wakae pamoja walizungumze jambo hili mapema.