Mtoto afundishwe sababu ya hatua, si kukariri hatua

Mzazi anayefanya biashara ya kuvuka mpaka hana Jumamosi nyingi za kukaa nyumbani. Akimlipia mtoto ada ya klabu ya sataranji, au chesi kama watoto wenyewe wanavyoiita, anataka aone matunda. Ndiyo maana hufurahi mtoto anaporudi baada ya wiki tatu na daftari lililojaa hatua: Ufunguzi wa Kiitaliano hatua nane, Ulinzi wa Kisisilia hatua kumi, zote ziko kichwani. Mzazi hujisemea kwamba fedha yake imefanya kazi.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Mtoto anayeanza hapaswi kukaririshwa namna za kufungua mchezo. Aelezwe kila kete inakwenda wapi na kwa nini. Daftari lingoje.

Ufunguzi ni zile hatua za mwanzo ambazo kila upande hutoa kete zake kabla mapambano hayajachacha. Katika zamu ya kwanza, mwenye kete nyeupe ana hatua 20 za kuchagua, na mwenye nyeusi ana 20 za kumjibu. Baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu, ubao unaweza kuwa na sura 400 tofauti. Hakuna daftari la mtoto litakalozimaliza. Tena mpinzani wa miaka tisa ambaye hajasoma kitabu hatakuja kucheza kama kitabu.

Mfano mmoja unatosha. Klabu nyingi humfundisha mtoto mwenye kete nyeusi ulinzi uitwao Farasi Wawili. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme miraba miwili, mweusi anafanya vivyo hivyo. Mweupe anatoa farasi, mweusi anatoa farasi wake hadi c6. Mweupe anatoa askofu hadi c4, mweusi anamtoa farasi wa pili hadi f6. Ni mchezo mzuri, na mtoto anaukariri kama wimbo.

Siku ya mashindano mpinzani hatoi farasi. Anamtoa askofu mapema, kisha malkia anaruka hadi h5. Mtoto anaona askofu c4, anakumbuka wimbo wake, anamtoa farasi hadi f6. Malkia anamla askari wa f7, askofu akiwa nyuma yake kumlinda, na mfalme hana pa kwenda. Mchezo umekwisha kwa hatua nne. Hatua iliyomwangamiza mtoto ni ileile aliyofundishwa.

Mtoto aliyeelezwa sababu angejiuliza kwanza: malkia huyu anatafuta nini? Angeona kwamba mraba wa f7 unalindwa na mfalme peke yake. Angesogeza askari mmoja hadi g6, akaziba njia na kumtisha malkia kwa wakati mmoja. Malkia akirudi f3 kutafuta f7 tena, sasa farasi wa f6 ndiye jibu sahihi. Ni farasi yuleyule na mraba uleule, lakini zamu moja mapema ni kifo na zamu moja baadaye ni wokovu. Kukariri hakumwonyeshi mtoto tofauti hiyo.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua jambo hili kuliko makocha wengi. Aliyekariri tu kwamba "dirisha la pili wanapiga muhuri" hukwama siku madirisha yakibadilishwa. Anayejua cheti cha uasili wa bidhaa kinathibitisha nini huuliza swali moja na kuendelea na safari.

Kwa anayeanza, mambo ya kushika si mengi. Weka askari katikati ya ubao, kwa sababu kete iliyo katikati hufika pande zote. Toa farasi na maaskofu mapema, kwa sababu kete iliyolala nyumbani haifanyi kazi. Usimtoe malkia haraka, kwa sababu kete ndogo za mpinzani zitamfukuza huku na huko nawe utapoteza zamu. Mfiche mfalme nyuma ya ngome mapema. Na kabla ya kila hatua, jiulize mpinzani anataka nini.

Wapo makocha watakaopinga. Watasema kukariri humpa mtoto ujasiri, na kwamba katika mashindano makubwa asiyejua fungua hupigwa asubuhi. Hoja ya pili ni kweli, lakini inamhusu mchezaji aliyekomaa. José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, aliandika kitabu cha mafunzo, Chess Fundamentals, kilichotoka 1921. Kinaanza na jinsi ya kumfunga mfalme kwa kete chache zilizobaki ubaoni. Ukijua mwisho unafananaje, unajua mwanzo unaelekea wapi. Ujasiri wa kukariri nao hudumu hadi mpinzani wa kwanza asiyefuata daftari. Mtoto aliyepigwa hivyo mara tatu hujiona mjinga na kuacha kuja klabu, wakati aliyekosea ni mwalimu.

Ukanda huu una mfano wake wenyewe. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianza kufundisha sataranji watoto wa familia zisizo na kitu. Phiona Mutesi alipofika pale, aliyemwonyesha jinsi kete zinavyotembea alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Alijifunza kwa kucheza na wenzake, akipigwa na kuinuka. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2016 maisha yake yakaonyeshwa katika filamu ya Queen of Katwe.

Mzazi hahitaji kujua sataranji ili kupima klabu anayoilipa. Akirudi kutoka Namanga, Mutukula au Rusumo, amwombe mtoto afungue ubao na kucheza hatua tano za mwanzo. Kisha aoneshe kete moja na kuuliza: huyu amekwenda pale kufanya nini? Mtoto akieleza kwa maneno yake, kwa Kiswahili cha nyumbani, ada inafanya kazi. Akijibu kwamba ndivyo mwalimu alivyosema, mzazi aende Jumamosi ijayo akamuulize mwalimu.