Wachana na dola za watu

Kila shilingi ikiteleza, lazima atokee msee wa kusema serikali ikaze dola, ati mwenye nazo azipeleke Benki Kuu. Januari 2024, dola ilipogonga karibu 160, hiyo kelele ilikuwa kila mahali. Manze, hiyo sinema wazazi wetu walishaiona.

Hadi Desemba 1995 Kenya ilikuwa na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni. Kukaa na dola bila ruhusa ilikuwa kosa. Unataka za karo ya majuu? Omba kibali. Na kwa vile dola zilikuwa adimu, serikali ikawa inawalipa wauzaji wa bidhaa nje asilimia 20 juu ya mauzo yao ndio wazilete. Hapo ndipo Goldenberg ya Kamlesh Pattni ikaingia, ikapewa 35, ati inauza dhahabu na almasi. Almasi. Ya Kenya! Mabilioni yakaenda hivyo. Mama mboga hakuwahi kupata kibali cha chochote. Sheria ya kukaza dola huwakaza wasio na mtu ofisini, wale wengine hupigiwa simu.

Leo unaingia duka la kubadilisha pesa pale Kimathi Street na kitambulisho, unatoka na shilingi zako. Mtu wa Kangemi anaandika manukuu ya wateja wa Marekani, wa Kilimani anahariri video, wote wanalipwa dola bila kubembeleza karani. Hiyo ndio mnataka ifungwe?

Na 2023 dola ziliadimika kweli, sikatai. Bei ya kwenye karatasi ilikuwa moja, ya kununua ukiwa na haraka ilikuwa ingine, hadi serikali ikaanza kuchukua mafuta ya Ghuba kwa mkopo wa siku 180. Lakini shilingi iliporudi, Februari 2024, ni baada ya serikali kukopa dola bilioni 1.5 ndio ilipe deni la Eurobond lililokuwa linaiva. Hakuna aliyenyang'anywa akaunti. (Deni juu ya deni, najua. Hiyo ni siku ingine.)

Kama Bunge linataka kugusa sheria, liguse hapa. Duka la Kimathi limebandika bei ukutani: ya kununua, ya kuuza. Programu ya simu haina ukuta. Juzi nimetoa dola 200, Benki Kuu ikisema 129, mimi nikapewa 123. Hiyo ni 1,200 imeenda, na kwa skrini wameandika "ada: sufuri". Sheria iseme hivi: yeyote anayebadilisha dola aonyeshe bei yake kando ya bei ya Benki Kuu, na tofauti kwa shilingi, kabla hujabonyeza.

Mnaolipwa na majuu, semeni mlipewa ngapi mara ya mwisho. Kuna mtu amepata chini ya 123?