MASHAURI YA WIKI: Siku Moja ya Kutazama Makumbusho ya Kisumu

Watu wengi wa kwetu waingiapo mji wa Kisumu huingia kwa haja. Mmoja huleta mahindi sokoni Kibuye, mwingine humjia mgonjwa hospitalini, wa tatu hufuata karatasi za shamba lake. Haja ikiisha, kila mtu hutafuta gari la kumrudisha kwake. Ni wachache sana waingiao mjini kwa nia ya kutazama na kujifunza. Nawe ukisema kwamba waenda makumbusho, wenzako hukuuliza kama umepata wageni kutoka ng'ambo.

Sitawalaumu, kwa maana mimi nami nilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka mingi nimelipita lango la Makumbusho ya Kisumu nikienda na kurudi kazini, wala sikuingia hata siku moja, mpaka Jumamosi moja nilipompeleka baba yangu pamoja na mdogo wangu. Habari ya siku hiyo nitaieleza mbele. Kwanza yafaa nitoe mashauri machache, kwa sababu safari isiyopangwa huchosha miguu na kumaliza fedha, na mtu hurudi nyumbani akinung'unika kwamba hakuona kitu.

Katika miji mikubwa ya Ulaya yako makumbusho yaliyojengwa jirani kwa jirani, hata mtu aweza kutoka katika moja na kuingia katika jingine kwa miguu. Huko Berlin makumbusho matano yamesimama pamoja juu ya kisiwa kimoja katikati ya mto, na huko London matatu makubwa yamekaribiana katika mtaa wa South Kensington. Kisumu hatuna utajiri wa namna hiyo. Lakini mji wetu si mkubwa mno, na mtu mwenye viatu vyema aweza kuufanya mji wenyewe kuwa makumbusho, akianzia mnara wa saa na kumalizia ufukoni.

Basi, kwanza, panga saa zako. Toka nyumbani mapema ili uwe mjini saa mbili za asubuhi. Wenyeji wa pwani ya ziwa wanajua sababu. Mchana jua huipasha nchi kavu joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, na aghalabu alasiri mawingu hujikusanya na ngurumo zikaanza. Mambo yatazamwayo nje yatazame asubuhi. Na ikiwa waweza kuchagua mwezi, epuka masika, yaani tangu Machi hata Mei.

Pili, chukua kitambulisho chako. Katika makumbusho ya taifa na katika mbuga za serikali raia hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni, lakini sharti athibitishe kwamba ni raia. Uliza kiingilio kabla ya siku ya safari, uulize pia namna ya kulipa, kwa kuwa siku hizi malipo mengi ya serikali hufanywa kwa simu, na mtu aliyeshika noti mkononi aweza kusimama langoni akitahayari. Baba yangu alisahau kitambulisho chake katika kanzu ya Jumapili, ikatubidi kusihi kwa adabu.

Tatu, usipange mambo mengi. Mtu atakaye kuona kila kitu kwa siku moja haoni hata kimoja. Makumbusho peke yake yatosha kwa asubuhi nzima.

Nne, chukua maji ya kunywa, na ikiwa una mzee au mtoto mdogo, weka akiba ya nauli ya tuktuk au pikipiki. Si aibu kupanda. Ni aibu kumchosha mzee kisha kumwuliza kwa nini hafurahi.

Sasa nieleze njia yenyewe. Anza katika mtaa wa Oginga Odinga, kwenye mnara wa saa. Watu hupita chini yake kila siku bila kusoma maandishi yake. Mnara huo ulifunguliwa mwaka 1938 na Gavana wa Kenya wa siku zile, Sir Robert Brooke-Popham, nao ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kwa ukumbusho wa baba yao, Mhindi aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1871. Simama hapo kidogo uwaambie watoto habari za reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingo wa ziwa hapa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali hapa pakaitwa Port Florence kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston. Wakati ule nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na mwaka 1902 ndipo ilipohamishiwa upande huu. Mtoto akijua mambo hayo matatu, hata kituo cha reli na bandari atavitazama kwa macho mengine.

Toka mnarani shika njia ya kuelekea mashariki, upande wa barabara kuu ya Nairobi, hata ufike Makumbusho. Kwa kijana si mbali. Kwa mzee ni mwendo wa kupumzika mara moja au mbili. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya jumba utaona vyombo vya kilimo, silaha, mapambo na vinanda vya makabila ya Nyanza, ya Magharibi na ya Bonde la Ufa. Utaona simba aliyekaushwa akimrukia nyumbu, na mbuta mmoja mkubwa ajabu, mwenye uzito wa kilo 190 hivi. Hapo wavuvi husimama sana. Samaki huyo si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akawala samaki wengi wadogo waliokuwamo, akaleta biashara kubwa pamoja na hasara kubwa. Nje kuna nyoka, mamba na kobe. Usiwachokoze, wala usiwaache watoto wapige vioo.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni boma la Kijaluo lililojengwa uani, liitwalo Ber-gi-dala. Si mfano mdogo wa kuwekwa mezani, ni boma zima la ukubwa wa kweli. Iko nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, ziko nyumba za mke wa pili na wa tatu, yako maghala ya nafaka na zizi la ng'ombe, na iko nyumba ya kijana mkubwa. Hapa ndipo nilipoahidi kueleza habari yangu.

Mdogo wangu ni mwalimu. Kwa bidii yake amekusanya fedha, amekwisha kununua mawe na mabati, naye alitaka kutoka katika simba yake, yaani nyumba ya kijana, aanzishe boma lake mwenyewe. Alipomweleza baba, baba alijibu neno moja tu: "Haiwezekani." Alipomweleza mara ya pili, akapata jibu lile lile. Kijana akaona kwamba anaonewa. Miezi ikapita, wakawa wanasalimiana kwa sababu ya mama tu. Mimi, niliye mkubwa wao, nilinyamaza. Naishi katika nyumba ya serikali isiyonisumbua, na habari ya kujenga kwetu nilikuwa nikisema kila mwaka, "Mwakani, Mungu akipenda."

Niliwapeleka makumbusho ili wapate siku moja ya kutembea pamoja bila kutaja mawe na mabati. Baba hakupenda. Aliniuliza, "Mwanangu, nitoe fedha nikaone nyumba ambayo ninayo?" Nikamwambia fedha ni zangu, akakubali.

Tulipoingia Ber-gi-dala, kijana mmoja mtumishi wa makumbusho alituongoza, akaeleza kila nyumba kwa upole na kwa maarifa. Baba alimsikiliza akiegemea bakora yake. Hata tulipofika kwenye nyumba ya kijana mkubwa karibu na lango, baba aliomba ruhusa kusema. Yule kijana akasogea kando kwa heshima.

Baba alisema, "Tazameni. Mikayi yuko juu, mlango wake waelekea lango, aone aingiaye na atokaye. Wana wako huku chini karibu na lango, kwa sababu wao ni watu wa kutoka. Simfungii mwanangu ndani. Tangu siku aliyojenga simba yake nilijua kwamba atatoka. Lakini lango ni moja, na ndugu hupita mmoja mmoja, mkubwa mbele. Mdogo akimpita mkubwa wake, ni kama amewaambia watu kwamba mkubwa hayupo tena duniani. Mimi siwezi kuchukua shoka na jogoo na moto kwenda kumwanzishia mdogo boma, hali mkubwa yu hai na mzima."

Mdogo wangu alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Baba, mbona nyumbani hukunieleza hivi?"

Baba akajibu, "Nyumbani hukuniuliza. Ulinipa habari tu."

Halafu wote wawili wakanigeukia mimi.

Wasomaji wapenzi, nimekwisha kuandika barua nyingi za serikali katika maisha yangu, na sijapata kukosa maneno kama nilivyokosa siku ile. Kwa muda wote nilidhani kwamba mimi ni mpatanishi, kumbe mimi ndiye niliyeziba lango. Mdogo wangu alisema, bila hasira, "Kwa hiyo, kaka, si baba niliyekuwa nikimngoja." Yule mtumishi wa makumbusho akajifanya anatazama ghala.

Wengine miongoni mwenu watasema kwamba mila hizi zimepitwa na wakati, na kwamba mtu mwenye fedha na kiwanja na ajenge apendapo. Sitabishana nao, wako wengi waliojenga hivyo, nao waishi kwa amani. Nasema jambo moja tu: mtu asikubali mila wala asiitupe kabla hajajua maana yake. Wazee wetu waliposema kwamba mwacha asili ni mtumwa, hawakukataza kubadilika. Walituonya tusibadilike kwa kutojua. Nanyi wazee, msitoe amri tupu kwa vijana waliosoma. Kijana aliyezoea kuulizwa "kwa nini" darasani hawezi kuridhika na neno "haiwezekani" nyumbani.

Ndiyo sababu nashauri kwamba uendapo Makumbusho ya Kisumu usiende peke yako. Mchukue mzee mmoja na mtoto mmoja. Maandishi ya ukutani ni mafupi, lakini mzee ana maneno ambayo hayakuandikwa, na mtoto ana maswali ambayo wewe waona haya kuyauliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Muulizeni mtumishi wa mahali pale pia, na akisema jambo lililo tofauti na desturi ya kwenu, msimbishie kwa ukali, maana desturi za Alego na za Nyakach hazikufanana katika kila jambo.

Baada ya chakula cha mchana, kama mawingu hayajakusanyika na miguu ingali na nguvu, pandeni gari mwende upande wa kusini hadi hifadhi ya swala pala iliyo kando ya ziwa. Ilitengwa mwaka 1992, nayo ni ndogo, kama hekta 34 tu, lakini watoto hufurahi kuona swala wakila majani karibu na mji. Mbele yake ni Dunga, penye wavuvi na matete ya mafunjo. Huko angalieni mambo mawili. Msiwaache watoto kuoga wala kucheza majini ukingoni, kwa maana ugonjwa wa kichocho upo katika ziwa. Na mkimwona kiboko, mtazameni kwa mbali. Huonekana mnyama mzito na mvivu, lakini hukimbia kuliko mtu.

Rudini mjini kabla ya giza, na njiani zungumzeni juu ya mliyoyaona. Sisi tulirudi garini, baba katikati, nasi wawili kila mmoja upande wake. Mdogo wangu alimwuliza baba maswali mpaka tukafika, na mengine yalikuwa ya mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Mawe na mabati yangali pale pale yalipokuwa, wala sitasema kwamba kijana amefurahi kungoja. Lakini sasa anajua anamngoja nani.

Ama mimi, nimekwisha kuomba likizo ya mwezi wa Agosti. Baba amekwisha kwenda kutazama kiwanja, naye ameniletea habari kwamba shoka lake la zamani lahitaji mpini mpya. Mpini nimeununua.