Tupumzike Ziwani Kwetu

Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini mwetu, na kesho yake shule zikafungwa. Hazikufunguliwa zote mpaka Juni 29. Katika miezi ile mitatu na ushee, wako wazazi mjini Kigoma waliowafungia watoto uani mpaka wakagombana na kuta. Wako pia waliowapakia kwenye mabasi yaliyosheheni, wakawapeleka kijijini kwa bibi na babu. Hao wa pili ndio walionitia uchungu zaidi. Ugonjwa ule uliwaonea wazee kuliko watu wote, na mjukuu anayeshuka kwenye basi la namna ile huenda akambebea bibi yake balaa pamoja na zawadi ya sukari. Bibi aliyempenda mjukuu alistahili kulindwa hata na mjukuu mwenyewe.

Lakini je, hapakuwa na njia ya tatu? Ilikuwapo, na ingali ipo: kupumzika hapa hapa kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika. Tumezoea kuamini kwamba likizo ni safari, na asiyesafiri hakupumzika. Mji wetu unaitwa mwisho wa reli, basi na sisi tumeuchukulia kuwa ni mahali pa kupandia treni tu, huku wageni wakivuka bahari kuja kuyatazama tunayoyapa mgongo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii kutoka nje zaidi ya milioni 1.5, mwaka uliofuata hawakufika hata laki 6 na nusu. Mwenye boti, mpishi na mwongoza wageni walibaki wakiutazama upeo wa maji. Natamani sana sisi wenyeji, kila mmoja kwa uwezo wake, tungelizijaza baadhi ya nafasi walizoziacha wageni.

Mkitaka mfano, uko Ujiji. Oktoba 1871 msafiri David Livingstone alirudi pale kutoka Manyema akiwa mgonjwa, amechoka, na mali aliyotarajia kuikuta imekwisha kuuzwa. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta, alipomfikia na kumpa chakula na dawa, wasafiri hawa wawili hawakukimbilia pwani. Walipanda mtumbwi, wakaambaa na ufuko hadi kichwa cha kaskazini cha ziwa, wakajionea kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, kisha wakarejea Ujiji. Mgonjwa aliyeponea ziwani alipumzika ziwani.

Mpelekeni mtoto pale Ujiji kwenye mnara na makumbusho ya Livingstone. Atauliza swali moja tu: maji yako wapi? Maana ataambiwa kwamba msafiri alitua ufukoni, naye haoni ufuko. Msimkatize. Mwelezeni kwamba zama zile ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi, hata mnamo 1878 maji yakavunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, yakatiririka kwenda magharibi, na ziwa likashuka mita nyingi likauacha mji nyuma. Kisha teremkeni pamoja kwa miguu mpaka yalipo maji leo, mkipita kwenye kivuli cha miembe. Mwendo ule mfupi utamfundisha jiografia ambayo ubao haukumfundisha, na gharama yake ni nauli ya daladala na chakula cha mama lishe: ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese.

Kwa vijana na wazazi wenye akiba kidogo, hifadhi ya sokwe ya Gombe iko kaskazini mwa mji, na raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana mbele ya kile cha mgeni. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika huko Julai 14, 1960, na hifadhi ikatangazwa mwaka 1968. Sokwe wale hushikwa na maradhi yetu. Mwaka 1966 polio iliwaingia, wengine wakafa, wengine wakalemaa, na waliosalia wakapewa chanjo ndani ya ndizi. Ndiyo maana mwenye mafua hatakiwi kuwakaribia, na ndiyo maana hutazamwa kwa mbali. Kijana aliyekataa barakoa sokoni ataielewa akiivaa mbele ya sokwe.

Najua nitaambiwa kwamba kupumzika ni anasa ya wenye pesa, tena ni uvivu. Nakataa. Watazameni wavuvi wa dagaa wa Katonga na Kibirizi: usiku wa giza huwasha taa na kuvua, na mwezi ukiwa mpevu, dagaa wasipoifuata taa, nyavu hupumzika nao hupumzika. Nani atawaita wavivu? Serikali nayo ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wazaane. Ikiwa ziwa lapewa likizo, mama anayeamka alfajiri siku zote apewe siku moja ya kukaa ufukoni bila sufuria, na baba aizime simu ya kazini siku hiyo.

Tahadhari hazikosi. Watoto wasioge penye matete na maji yaliyotuama, maana kichocho kipo. Upepo wa kusi ukivuma, boti iahirishwe. Na boti isiyo na jaketi la kujiokoa kwa kila abiria msiipande hata kama nauli ni ya bure.

Ugonjwa wa Mpox ulipoenea Kongo na Burundi mwaka 2024, majirani zetu wa maji haya haya, tuliona kwamba maradhi ya mlipuko hayajatuaga. Basi kila nyumba ikae na watoto sasa, kabla ya likizo ya Juni, iwaulize ni wapi katika wilaya yao hawajapaona, na jibu la kwanza liandikwe kwenye kalenda ya ukutani.