Blanketi la Wageni na Joho la Samweli

 

Neno la leo liko katika 1 Samweli 2:18-19. Ukipata nafasi, soma pia Kutoka 22:26-27 na Matendo ya Mitume 9:36-42.

Mpendwa, sote tunamjua Hana kwa maombi yake. Hatufanyi kesha likaisha bila jina lake kutajwa. Alilia mbele za Mungu hadi kuhani Eli akamdhania mlevi, Mungu akamsikia, akampa Samweli. Mahubiri mengi huishia hapo, tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani. Lakini Biblia haikuishia hapo. Sura inayofuata inasema kwamba kila mwaka, Hana alipopanda na mumewe kwenda Shilo kutoa dhabihu, alimpelekea mwanawe joho dogo alilomshonea.

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza, lilikuwa joho dogo. Hana hakupeleka kitambaa tu akasema watajua cha kufanya nacho. Alipeleka vazi la kumtosha Samweli. Na kumbuka alimwona mtoto huyo safari ya mwaka tu, kwa hiyo ilimbidi akae nyumbani akiwaza: sasa atakuwa amefika wapi? Mabega yamepanuka kiasi gani? La pili, ilikuwa kila mwaka. Mtoto hukua, joho halikui.

Mwanamke aliyejua kuomba alijua pia kushona. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa tuje hapa kwetu. Tuko kwenye miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Wewe wa Visoi, wa Mosop, wewe ndugu yangu wa Mau Summit na Molo, huhitaji mhubiri wa kukueleza. Upepo unateremka kutoka Mau, ukungu umelala barabarani, na mtoto wa darasa la kwanza ameshatoka nyumbani kabla jua halijapanda. Sweta ya shule imetoboka viwiko. Vidole amevificha ndani ya mikono ya sweta. Na huu ndio msimu ambao mahindi bado yako shambani, ghala halina kitu, na mzazi anayeishi kwa kibarua anachagua kati ya unga na sweta. Wewe ungechagua nini? Atachagua unga, na hajakosea.

Wakati huohuo, mpendwa, kuna blanketi nyumbani kwako. Nazungumzia yale mablanketi mepesi na laini, ya flisi, tunayopeana harusini na kwenye chama. Liko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, limekunjwa vile lilivyotoka dukani. Ukiulizwa, ni la wageni. Chini yake kuna jingine la wageni. Na la tatu.

Sikukatazi kumfunika mgeni. Waebrania 13:2 inatuamuru ukarimu, na mimi ni mgeni wa watu wengi. Bakiza moja, hata mawili. Lakini wageni wako huja mara ngapi kwa mwaka, nao ni wangapi? Hilo la tatu linamngoja nani?

Ushauri wangu leo ni huu, na najua wengine hautawapendeza: lichukue hilo la tatu, ulikate, ulishone, liwe nguo ya mtoto.

Mtu ataniambia, “Mchungaji, kwa nini nikate blanketi zuri? Si nilitoe tu lilivyo?” Ukilitoa lilivyo, umefanya vyema, na Mungu akubariki. Nyumba isiyo na blanketi kabisa inahitaji blanketi zima kwanza. Lakini fikiria. Blanketi hubaki kitandani. Baridi inayomtesa mtoto inamngoja njiani na darasani, na huko blanketi halimfuati. Hata usiku, watoto watatu wakilala kitanda kimoja, aliye ukingoni huamka hana kitu. Blanketi zima lina wenyewe wengi. Kisibau kilichokatwa kwa kipimo cha mtoto wa miaka sita kina mwenyewe mmoja tu. Baba hawezi kukivaa, wala hakuna atakayekiuza kwa bei ya maana.

Na kazi yenyewe si ngumu. Flisi haifumuki nyuzi ikikatwa, kwa hiyo hata ukingo huhitaji kuupinda. Blanketi la sentimita 150 kwa 200 linatoa vipande vinne vya sentimita 75 kwa 100. Kunja kipande mara mbili, kata shingo na makwapa, shona mabega na mbavu. Umepata kisibau cha mtoto mdogo, na mabaki yanatoa kofia. Blanketi moja, watoto wanne. Kama huna cherehani, sindano na uzi vinatosha. Kama mkono wako hauko sawa na sindano, mlipe fundi wa sokoni, naye atapata riziki.

Kivaliwe ndani ya sweta ya shule, si juu yake. Kwanza, mtoto hatarudishwa nyumbani kwa kuvaa kisicho sare. Pili, upepo hupenya flisi kwa urahisi, lakini ikiwa ndani inashika hewa yenye joto la mwili wa mtoto na kuizuia isitoke. Kumbuka blanketi halina moto wake. Linatunza tu joto ambalo Mungu ameshaliweka ndani ya mtoto. Hiyo ndiyo kazi tunayoombwa kufanya.

Mwingine atasema, “Mchungaji, hubiri injili, mambo ya nguo waachie mashirika.” Ndugu yangu, fungua Kutoka 22. Mungu aliwaambia Israeli kwamba ukishika vazi la jirani yako kama rehani, umrudishie kabla jua halijatua, kwa sababu hilo ndilo la kujifunika mwilini. Kisha anauliza, mtu huyo atalala na nini? Na anaonya kwamba huyo maskini akilia, Yeye atasikia. Mungu wa Sinai, aliyeshuka kwa moto na ngurumo, alisimama kuuliza habari ya usiku mmoja wa mtu mmoja asiye na nguo. Swali lake ni jepesi: giza likiingia, nguo ya huyu iko nyumbani kwa nani? Yakobo naye, sura ya 2, anatuonya tusimwage mtu kwa baraka za kumtakia joto huku tumemwacha vilevile. Kama hii si injili, basi tuitoe Biblia kurasa nyingi.

Tena sisi watu wa Rongai tunajua kutoa. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipasuka Solai, zaidi ya watu 40 wakafa, na wengi walionusurika hawakubaki na chochote. Kenya nzima iliguswa. Mkasa ukitangazwa, mkono wetu hufunguka. Shida ni kwamba Julai haitangazwi. Haina kamera, haina rambirambi. Inakuja kila mwaka kimyakimya na kumkuta mtoto yuleyule, ila amekuwa mrefu zaidi na sweta ni ileile. Ndiyo maana nampenda Hana. Hakungoja mkasa. Aliweka joho kwenye ratiba ya mwaka, pamoja na dhabihu.

Nina maneno matatu ya tahadhari, nayo ni ya uzima na kifo.

Mosi, flisi ni plastiki. Ikishika moto inayeyuka na kugandamana na ngozi. Mtoto aliyevaa flisi asiote moto karibu na jiko. Na jiko la makaa lisilazwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kukiwa na baridi ya namna gani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Pili, mtoto mchanga asilazwe na blanketi lililolegea karibu na uso, wala usimfunge kamba yoyote shingoni.

Tatu, kisibau si dawa. Shirika la Afya Duniani linasema nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka mitano duniani mwaka 2019. Mtoto wako akipumua kwa haraka, au kifua kikizama ndani anapovuta pumzi, usiningoje nije kumwekea mikono. Mpeleke hospitali sasa hivi, na unipigie simu ukiwa njiani. Nitaomba nawe ukiwa huko.

Jambo la mwisho ni heshima. Dorkasi alipokufa kule Yafa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Walioonyesha nguo ni waliozipokea, na walifanya hivyo kwa upendo. Dorkasi mwenyewe hatusomi kwamba aliwahi kumpanga mjane yeyote mstari wa mbele ili watu waone. Kwa hiyo usimpige mtoto picha akipokea kisibau. Kesho atakaa darasa moja na mtoto wako. Pitia kwa mama yake, jioni, kama jirani. Mwambie, “Dada, nilikuwa nashona ya wangu, nikaona kitambaa kimebaki.” Mwache na heshima yake.

Sasa, najua mazoea yetu. Umefika hapa chini, kidole kiko tayari kuandika Amina. Leo ngoja kidogo. Inuka kwanza, ufungue kabati, uhesabu. Kisha mtaje mtoto mmoja unayemjua kwa jina, wa jirani, wa Shule ya Jumapili, wa nyumba ya pili kutoka kwako. Kadiria mabega yake, kama Hana. Ukishajua kisibau chake kitakuwa na upana gani, rudi uandike Amina yako, nami nitaijibu kwa furaha.

Tuombe. Baba, asante kwa kutufunika. Utupe macho ya Hana, tuwaone watoto wanavyokua. Utupe mikono ya Dorkasi. Na usiku huu kabla hatujalala, utukumbushe nguo ya nani iko nyumbani kwetu. Katika jina la Yesu.

Mchungaji wenu, anayewapenda.