Golini Tunamtupa Nani?



Jumamosi iliyopita, saa ya mupira, tuliona jambo ambalo tunaliona tangu tulipoingia shule hii, lakini safari hii limetuuma. Makapteni wawili walikuwa wanachagua watu wao. Wakachagua wenye mbio, wakachagua wenye viatu, wakachagua marafiki. Akabaki mtoto mmoja wa madarasa ya chini. Wakamwambia: «Weye hauyue kucheza, enda ku goli!» Akaenda. Akafungwa matatu, na juma zima anaitwa Kikapu, hata kwenye mstari wa kuchota maji. Sisi wakubwa tulicheka pia. Tuandike ukweli.

Basi tuulizane: katika mji wetu huu wa Likasi, ni mchezaji gani jina lake limefika mbali kuliko Robert Kidiaba Muteba? Alizaliwa hapa hapa mwaka 1976. Na kazi yake ilikuwa ile ile tunayoigawa kama azabu.

Wengi wakisikia Kidiaba wanakumbuka kitu kimoja tu: kukaa chini, miguu mbele, na kurukaruka kwa makalio timu yake ikifunga. (Mwalimu mmoja, jina hatutaji, tulimwona akijaribu, suruali haikukubali.) Lakini sisi tunaona kwamba kule kurukaruka kumeficha jambo lenyewe, ndiyo miaka.

Hakuingia Mazembe akiwa na umri wetu. Alipita Saint-Luc kwanza, na mwaka 2002 ndipo Mazembe ikamchukua, tayari ana miaka 26. Njia ya mlinda goli ni nyembamba. Washambuliaji wanaweza kuwa watatu uwanjani, yeye ni mmoja, na wa pili anakaa kwenye benchi anangojea. Mazembe yenyewe ilikuwa inangojea vilevile: ilichukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha basi. Ililichukua tena mwaka 2009, Kidiaba golini, na tena 2010.

Disemba ile ya 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe iliipiga Pachuca ya Mexico 1-0, ikaipiga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la klabu. Katika fainali Inter ya Milan ikamfunga Kidiaba matatu. Matatu! Sawasawa na mtoto wetu wa Jumamosi. Wazee wetu hawajatuambia kwamba mtu wa Katanga alimwita kikapu. Na mwezi wa pili 2015, siku sita baada ya kutimiza miaka 39, alikuwa golini kwa Congo tulipochukua nafasi ya tatu ya Afrika kwa penalti, 4-2, mbele ya Guinea ya Ikweta.

Mtu atasema: mchezo ni mchezo, asiyejua lazima awekwe mahali. Hapana. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, tunambeba mabegani. Mlinda goli akishika mara tano na kukosa mara moja, tunamtukana. Hapo panataka mwenye moyo mgumu kuliko wote, na sisi tunapeleka yule ambaye hata hatukumfundisha kuanguka.

Kwa hiyo sisi wasimamizi wa wanafunzi tumepatana: kuanzia Jumamosi hii kila kapteni atachagua mlinda goli kwanza, mbele ya wenye mbio. Walimu wa michezo tunawaomba glavu, hata jozi moja, tutabadilishana. Anayetaka kujifunza, kijana ao binti, aje Jumatano saa kumi, nyuma ya chumba cha chakula, pale kwenye majani.

Yule wa Jumamosi tumemwomba radhi. Anasema atakuja, ila siku ya kwanza tukae sisi golini, yeye apige.